Vijana wa Mpira Mlangoni pa Mama

Sogeza redio karibu na jiko, maana leo tunazungumza juu ya vijana wa mtaani kwako.

Unakumbuka Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13, na siku mbili baadaye ikatolewa amri ya kufunga shule. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi Oktoba. Wengine walingoja hadi Januari 2021. Watu wengi walihesabu masomo yaliyopotea. Lakini wewe mama ulijua kwamba shule ilimpa mtoto mengine pia: uji au githeri ya saa sita, sodo za msichana, na mwalimu wa kugundua kwamba fulani amenyamaza siku mbili. Hayo yote yalirudi mlangoni pako kwa pamoja, tena wakati kibarua chako kimesimama.

Mechi na mikutano ya vijana pia ilisimamishwa. Kikundi kilichozoea kukusanya watoto uwanjani kingefanya nini? Vingine vilifunga tu. Vingine viligeuza kazi, vikaacha kumngoja kijana aje uwanjani, vikaifuata familia nyumbani. SHOFCO, shirika ambalo Kennedy Odede alilianzisha Kibera mwaka 2004 akiwa kijana, mwanzo wake ukiwa mpira wa miguu, liliweka vituo vya kunawa mikono katika mitaa ya mabanda. Serikali nayo ilianzisha Kazi Mtaani mwaka huo huo, vijana wakalipwa kwa kusafisha mitaro na vichochoro. Nyumba nyingine zilipika ugali kwa pesa hizo.

Hata watoto hawakukaa bure. Mvulana wa miaka 9 kutoka Bungoma aliunda kwa mbao kifaa cha kunawia mikono kinachokanyagwa kwa mguu, akatunukiwa tuzo na Rais mwezi Juni 2020. Ukitazama vizuri, utaona alifikiri sana. Mkono mchafu ukifungua mfereji, uchafu unabaki pale pale, na mkono uliooshwa unaurudia wakati wa kufunga.

Nawe waweza kumwambia kijana wako atengeneze kibuyu chirizi leo jioni. Achukue jerikeni ya lita 5, aitoboe tundu dogo kwa msumari uliotiwa moto, chini kidogo ya kifuniko. Aitundike kwenye kijiti kati ya nguzo mbili, afunge kamba shingoni mwa jerikeni na kuishusha hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Sabuni aitoboe aining'inize kando, la sivyo kuku wataondoka nayo. Mnawe kwa sabuni sekunde 20: baada ya choo, baada ya kumbadilisha mtoto nepi, kabla ya kupika, kula au kumlisha mtoto. Dharura ya korona ilitangazwa kwisha Mei 2023, lakini kuhara na kipindupindu havikusikia tangazo hilo.

Sasa sikiliza neno moja, na usinielewe vibaya, vijana hawa nawapenda. Si kila anayebisha hodi na fulana ya kikundi ni wa kukaribishwa ndani. Uliza kiongozi wao ni nani, na kama chifu au mhudumu wa afya ya jamii anawajua. Waje wawili, wazungumze nawe mlangoni. Akitaka kuonana na binti yako faraghani, mwambie hapana, bila kuona haya. Na mtoto akikwambia jambo lililomtia hofu, iwe ni mgeni au mtu wa nyumbani, msikilize hadi mwisho kabla hujamkaripia. Piga 116, simu ya kusaidia watoto. Hailipishwi.

Usingoje shule zifungwe tena. Wiki hii pita uwanjani mnapotoka sokoni, umtafute mwalimu wa timu. Umwachie jina lako na idadi ya watoto wako, na umwambie kama nyumbani kuna mgonjwa, mlemavu au mama aliyejifungua juzi. Akikosa kalamu, mpe yako.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kumwachisha mtoto kunyonya. Kwaheri kwa sasa.