Chuo Kikuu cha Jirani

Msikilizaji, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kwa vijana wengi chuo kikuu ni Dar es Salaam tu. Leo tuongee na kijana wa Mbeya, pamoja na mzazi atakayetafuta nauli.

Hapo Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, cha serikali, kinachofundisha uhandisi. Chuo Kikuu cha Mzumbe kina kampasi yake hapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina chuo cha afya Mbeya, na chuo cha Mkwawa kule Iringa kwa wanaotaka ualimu.

Anayelala nyumbani halipi kodi ya chumba, wala hanunui godoro, ndoo na jiko la gesi wiki ya kwanza. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ukichelewa, ugali upo. Ila nyumbani nako kuna mambo yake: ukionekana umekaa na daftari, utatumwa sokoni. Mzazi, hapo tusaidiane.

Lakini ukaribu usikuchagulie kozi. Unayetaka udaktari wa mifugo, nenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Fungua mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, soma sifa za kujiunga na kila programu, kisha omba moja kwa moja chuoni. Ukichaguliwa na vyuo viwili, thibitisha kimoja kwa namba maalumu utakayotumiwa kwenye simu, kabla dirisha halijafungwa. Na namba hiyo usimwachie mtu wa steshenari akutunzie.