Kupandikiza uloto: kinywa kisisahauliwe



Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Kila habari ya tiba hii inapotangazwa, swali la kwanza ni gharama. Ni swali la haki. Lakini liko jambo lisilotajwa sana, nalo ni kinywa cha mgonjwa.

Uloto ni kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa. Kabla ya kupewa seli mpya, mgonjwa hupewa dawa kali za kufagia za zamani. Wengine hupigwa na mionzi. Dawa hizo hazichagui. Huua seli zinazozaliana upesi, zikiwamo za ngozi laini ya kinywani. Baada ya wiki moja hivi, ulimi, mashavu na koo huweza kutoka vidonda. Hata kumeza mate huwa adhabu, na wako wanaohitaji mofini.

Hatari kubwa zaidi si maumivu. Siku hizo hizo chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, karibu zimekwisha. Vijidudu hupenya kwenye kidonda vikaingia damuni. Jino bovu ambalo mtu amelivumilia miaka mitatu laweza kumuua.

Kwa hiyo hapana budi daktari wa meno amwone mgonjwa mapema, azibe, ang'oe na kusafisha, ili fizi zipone kabla ya dawa kuanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kinga nyingine ni barafu. Anayepewa dawa ya melfalani humung'unya vipande vya barafu ya maji salama kabla ya dawa na wakati inaingia mshipani. Baridi hubana mishipa ya damu ya kinywani, na dawa hufika pale kidogo. Barafu haihitaji fedha za kigeni!

Vidonda hivyo kwa kawaida hupona uloto mpya unaposhika. Lakini kwa aliyepewa uloto wa mtu mwingine, safari haijaisha. Miezi au miaka baadaye, seli za mchangiaji zaweza kumshambulia mwenyeji wao. Kinywa hukauka, mistari myeupe hutokea mashavuni, pilipili na ndimu huunguza, meno huoza upesi. Hatari ya saratani ya kinywa nayo huongezeka kwa miaka mingi. Achunguzwe kinywa kila mwaka, hata akijiona mzima. Kidonda kinachopita wiki mbili bila kupona kisitibiwe kwa dawa ya dukani.

Rai yangu ni hii: familia inapoketi kuchangishana fedha, daktari wa meno aandikwe mstari wa kwanza wa bajeti. Na hospitali zetu zimweke katika jopo tangu mwanzo, asiitwe mgonjwa akiwa ameshashindwa kula.