Kizimbani bila wakili
Mwaka 2017, kijana wa miaka 15 alisimama mbele ya Mahakama Kuu mjini Torit bila wakili. Risasi aliyoifyatua ilikuwa imemuua binamu yake. Alimweleza jaji kuwa ilikuwa ajali, akamtajia na umri wake. Akahukumiwa kunyongwa, kisha akaletwa hapa Gereza Kuu la Juba kukaa na wanaosubiri kitanzi.

Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya 2011 inakataza hukumu ya kifo kwa aliye chini ya miaka 18. Ibara ya 19 inaitaka serikali impe msaada wa sheria mshtakiwa wa kosa zito asiyeweza kumlipa wakili. Hakukuwa na mtu wa kuisimamia katiba hiyo pale mahakamani. Rufaa ilipopiganiwa, hukumu ilifutwa Julai 2020, na Machi 2022 kijana akatoka.

Hatari ya kukosa wakili ipo hata kwenye mambo ya ndoa. Wengi tunayapeleka kwa chifu, kwenye mahakama ya kimila: ng'ombe wa mahari, watoto, talaka. Lakini shauri linaloanza kama ugomvi wa nyumbani huweza kuishia kwa mke kufungwa kwa ugoni, ilhali Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009 haizipi mahakama za kimila kesi za jinai, isipokuwa zile zenye sura ya kimila zinazoletwa na mahakama ya serikali.

Kwa hiyo, msikilizaji, ndugu yako akikamatwa, mchango wa kwanza wa ukoo uende kwa wakili. Na serikali itenge fedha kwa wasio na ukoo wa kuchanga.