Garimoshi la Kusini Lilikuja kwa Ajili ya Nani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya maendeleo ya kusini. Jambo hilo ni pana, na harufu ya pilau inanionya nisirefushe maneno. Kwa hiyo nimechagua kitu kimoja tu, nacho ni garimoshi. Vijana wengi hucheka wakiambiwa kwamba Masasi iliwahi kufikiwa na reli. Hayo si masimulizi ya sungura na fisi, ni historia ya hapa hapa.

Kabla ya reli, gari la kusini lilikuwa kichwa cha mpagazi. Nta, pembe na mpira vilishuka hadi Lindi na Mikindani vikiwa juu ya vichwa vya watu, na watu wenyewe walishushwa pwani kama bidhaa. Kisha, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilitandikwa njia nyembamba sana, yenye upana wa sentimeta 60, kutoka upande wa Lindi kuingia bara kwa bonde la Lukuledi. Baada ya vita vitoroli vyake vilisukumwa kwa mikono. Yaani mpagazi alitua mzigo kichwani, akaanza kuusukuma kwa kifua. Chuma kilikuwapo, ila nguvu ilikuwa ile ile ya mtu.

Mvuke wenyewe ulikuja na karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika. Sehemu zilizochaguliwa zilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Jumla ya eneo lililofikiriwa ilizidi ekari milioni tatu. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea miti. Karanga nyingi namna hiyo zingehitaji njia ya kutokea, kwa hiyo ikajengwa reli. Mwaka 1949 treni zilianza kwenda Nachingwea kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi. Mwaka 1954 bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikafunguliwa, na reli ikaunganishwa nayo. Baadaye, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, tawi likafikishwa Masasi.

Angalieni tarehe hizo vizuri, vijana. Mpango wa karanga ulivunjwa Januari 1951, baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36. Bandari ilifunguliwa miaka mitatu baada ya mzigo wake kufa! Ilikuwa kama mtu aliyejenga ghala kubwa kabla hajajua kama shamba litaota.

Sasa mtaniuliza: kama reli ilikuwapo tayari, kwa nini haikuokolewa na watu wa hapa na mazao yao? Ili tujibu swali hilo, yafaa tufahamu jinsi garimoshi linavyofanya kazi.

Reli ile ilikuwa na upana wa mita moja, sawa na reli ya Tanga na ile ya Kigoma. Huko Ulaya njia nyingi zina upana wa milimita 1,435. Njia nyembamba ni rahisi kujenga na hupinda kwa urahisi kwenye kona, lakini nayo haikupata dawa ya mlima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza bila shida mahali tambarare, na huo ndio uzuri wake. Likianza kupanda, uzuri huo huisha. Penye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 50, behewa linahitaji kuvutwa kwa nguvu mara kadhaa ya ile ya tambarare.

Tena garimoshi hunywa maji. Moto huchemsha maji, mvuke husukuma pistoni, na pistoni huzungusha magurudumu. Mvuke ukishafanya kazi haurudi kwenye tangi, bali hutoka kwa bomba pamoja na moshi, na ndiyo sauti ile ya "chu, chu" iliyowafurahisha watoto. Kwa hiyo kila baada ya mwendo fulani sharti pawe na maji ya kutosha.

Basi, fikirini juu ya Newala. Mji uko juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde, mamia ya mita juu ya mabonde. Mvua hunyesha, lakini mchanga huinywa yote, na chemchemi hutokea chini kabisa, kwenye miguu ya miteremko. Bibi zetu walishuka na mitungi usiku, wakapanda nayo asubuhi. Mitambo ya kusukuma maji kuyapandisha juu ilianza kuenea katika miaka ya 1950 tu. Mahali ambapo mama hupata mtungi mmoja kwa shida, garimoshi lingekunywa nini? Reli ikafuata bonde, ikaenda kwenye karanga za mgeni, ikaupita uwanda uliojaa watu.

Na juu ya uwanda huo ndiko wakulima walikokuwa wakipanda mikorosho, bila matrekta na bila mamilioni. Korosho zao zilishuka kwa lori. Mzigo ukishapanda lori Newala, nani atakubali kuushusha Masasi, aupakie tena kwenye behewa, na kulipa mara mbili? Lori liliendelea moja kwa moja hadi pwani. Mwaka 1962 treni zikasimamishwa, na baadaye reli ziking'olewa. Miaka kumi na moja tu baadaye, msimu wa 1973/74, korosho za Tanzania zilifikia kiasi cha tani 145,000, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi. Wahenga walisema mipango si matumizi. Mzigo ulipokuja, njia haikuwapo tena.

Sisemi kwamba korosho peke yake zingeilisha reli mwaka mzima. Korosho zina msimu wake. Ninalosema ni kwamba wakati wa kuipanga, aliyekuwa akiishi hapa hakuulizwa ana mzigo gani na uko wapi.

Nayasema haya kwa sababu maneno ya reli yamerudi. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Na kwetu upo mpango wa reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Mimi naitamani reli hiyo. Lakini makaa na chuma ni mizigo ya mbali, kama karanga zilivyokuwa za mbali. Bei yake ikianguka siku moja, ni mzigo wetu sisi utakaoamua kama reli hiyo itabaki au itang'olewa kama ile ya kwanza.

Kwa hiyo, tuliomaliza shule tuna wajibu wa kuuliza mapema: stesheni itakuwa wapi? Ghala la vyama vya ushirika litakuwa karibu nayo? Barabara ya kutoka Newala itaishia wapi? Nanyi vijana, wakati wa likizo kaeni na wazee waliofanya kazi ya kutandika mataruma na kulisha moto, maana wamebaki wachache. Andikeni wanayoyasema, mwalete kwa mwalimu wenu wa historia. Mali bila daftari huisha bila habari, na reli yetu ya kwanza imekwisha karibu namna hiyo.