Bizimu Lisilo na Mahali Pake

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)

Ninyi vijana mliokaa huko nyuma mkiusubiri wali:

Katibu aliponiandikia kunitaka niseme machache juu ya "vyuma vyangu", nilicheka. Mke wangu naye huliita sanduku langu duka la vyuma chakavu. Ndani yake mna mabizimu, yaani vile vyuma vya kufungia mkanda kiunoni, waliyoyavaa askari wa Kijerumani katika vita viwili vikuu vya dunia.

Nilianza mwaka 1975, nilipokuwa nikijifunza ufundi wa mitambo Hamburg. Katika soko la vitu vikuukuu niliona bizimu la shaba ya manjano, katikati lina taji na maneno Gott mit uns, maana yake Mungu yu pamoja nasi. Nililinunua kwa fedha ya chakula cha siku mbili. Njaa ile iliisha. Ugonjwa wa kukusanya haujaisha hata leo.

Vijana, msidharau chuma kidogo. Jeshi la Prussia lilianza kuvaa maneno hayo mwaka 1847. Hadi 1918 Ujerumani ilikuwa na wafalme kadhaa chini ya Kaisari mmoja, na majeshi yao yalikuwa na mabizimu yao. La Bavaria liliandikwa In Treue fest, imara katika uaminifu. La Saxony liliandikwa Kilatini. Kisha vita vikala shaba. Shaba ilitakiwa kwa maganda ya risasi na mizinga, basi tangu 1915 mabizimu yakatengenezwa kwa chuma na kupakwa rangi ya kijivu. Yaweke mawili hayo mezani, utaiona dhiki ya nchi bila kufungua kitabu.

Mwaka 1936 jeshi la nchi kavu la Hitler lilipewa bizimu jipya. Taji halipo, yupo tai aliyeshika alama ya Wanazi. Lakini maneno ni yale yale, Mungu yu pamoja nasi, nayo yalikuwa viunoni mwa watu waliokwenda kuchoma vijiji vya wenzao. Hilo lilinifunza kwamba maandishi ya kifuani au kiunoni si ushahidi wa matendo. Kwa sheria ya Ujerumani alama ile haionyeshwi hadharani ila kwa mambo kama elimu na historia. Nami sijapata kuitundika ukutani. Inakaa sandukuni kama ushahidi unavyokaa mahakamani.

Mnunuzi hutazama uso wa bizimu, mkusanyaji huligeuza. Mengi yana kigozi nyuma chenye mhuri wa kiwanda na mwaka. Waghushi nao wanajua hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa bizimu "la mwaka 1916" ambalo kutu yake ilitoka mara moja nilipolisugua kwa kitambaa! Nilicheka, nikalipa karo ya ujinga wangu.

Lakini kuna kosa moja ambalo sikulicheka, na ndilo lililonileta hapa.

Mwaka 1994 nilirudi Ujerumani kwa kazi. Mchuuzi mmoja aliniuzia bizimu lililofukuliwa ardhini, limeliwa na kutu. Nilipofungua karatasi nyumbani nilikuta pia kibati kidogo chenye umbo la yai. Kila askari wao alivaa kibati kama hicho shingoni. Hakina jina, kina namba yake na ya kikosi chake, na katikati kina mstari wa matundu. Askari akifa, nusu huvunjwa ikapelekwa kuandikwa daftarini, nusu hubaki na maiti.

Changu kilikuwa kizima. Maana yake hakuna aliyekivunja. Hakuna aliyemwandika mtu yule.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikifunga nikakipeleka posta, kwa ofisi iliyotunza daftari za askari huko Berlin. Baada ya miezi mingi jibu likaja. Mwenyewe wamempata: kijana wa miaka 19, asiyejulikana alipo tangu 1944. Wakaniuliza swali moja tu: kilipatikana wapi?

Nilimwendea yule mchuuzi. Akasema, "Mashariki." Mashariki! Ni kama kumwambia mtu kaburi la baba yake liko bara. Jina tulikuwa nalo, mifupa ilikuwa mahali fulani, na kati ya viwili hivyo aliyekata njia ni mtu mwenye jembe, nami niliyemlipa.

Tangu siku hiyo sinunui kitu kilichotoka ardhini.

Vijana, nchi yetu nayo ilipiganiwa, Tanga mwaka 1914, Mahiwa mwaka 1917, na kwingineko kwingi. Ukilima ukakuta kifungo au bizimu, usikimbilie kulisugua wala kuliuza. Andika mahali, umwite mwalimu wako. Ikiwa ni risasi au kombora, usiguse kabisa. Wapagazi wetu walikufa kwa maelfu katika vita vile, na wengi hawakuvaa kibati cho chote. Daftari lao ni ardhi yenyewe. Tukiichangua tumewafuta.

Ndugu Mkuu wa Shule, sanduku nimekuja nalo. Nalikabidhi kwa chumba cha historia, kwa sharti kwamba lisiuzwe na mabizimu yasivaliwe. Kila moja lina karatasi yake: mwaka, kiwanda, mahali. Lile lenye kutu nimelilaza peke yake. Kwenye mstari wa mahali sikuandika kitu.

Naona wali umefika.