Ndoto Yenye Jirani Ndani Yake: Vikundi vya Kusimuliana Ndoto kwa Simu katika Bonde la Ufa la Kati

Nimeombwa nizungumze na washauri nasaha wenzangu, na wahudumu wa afya ya jamii waliotoka Kuresoi, Molo, Gilgil na Subukia, kuhusu tiba ya mazungumzo inayofanywa kwa simu. Nitaingilia mlango mmoja tu, ambao huwa tunaupita bila kuugusa. Mtu aliyenusurika balaa huja kwetu akisema halali usiku. Tunaandika kwamba amekosa usingizi, tunamuuliza kama anakula, na ndoto inayomwamsha tunamwachia mchungaji.

Wachungaji hawakuikataa kazi hiyo. Waakorino, ambao vilemba vyao vyeupe si vigeni hapa Nakuru, wameipa ndoto nafasi katika ibada tangu enzi za ukoloni, na Waislamu wana elimu ya tafsiri inayonasibishwa na Ibn Sirin. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake *Facing Mount Kenya* cha mwaka 1938, anasimulia jinsi mtabiri Mugo wa Kibiru alivyoamka alfajiri akitetemeka, mwili umechubuka na sauti imekatika. Wengi wetu tunakumbuka nyoka wa chuma aliyemtabiri, yaani reli. Mimi navutiwa zaidi na utaratibu uliofuata: wazee waliitwa, mnyama akachinjwa, wakangoja hadi akaweza kusema. Hakuna aliyemwambia alale tena.

Shida yetu ni kwamba ndoto za huku zina majirani ndani yake. Huku jirani amewahi kumshambulia jirani: Molo iliungua mwaka 1992, Njoro Januari 1998, Nakuru na Naivasha Januari 2008. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote katika ghasia za uchaguzi wa 2007. Chukulia mama wa Kuresoi anayemwota jirani yake, kwa jina na sura, ameshika kijinga cha moto. Akiisimulia ndoto hiyo kwenye chama siku ya Alhamisi, jioni imeshakuwa habari kwamba amesikia jambo, na kufikia Jumamosi watu wanaulizana ni lini litatokea. Kwa hiyo ananyamaza, na kwa maoni yangu hakosei. Kijiji kilichowahi kukimbia usiku hakina uwezo wa kuichukulia ndoto kuwa ndoto tu.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzetu wanaoiona simu kama tiba ya daraja la pili, ya kuvumilia hadi gari lipatikane. Msikilizaji aliye Gilgil hamjui jirani wa Kuresoi, hanunui maziwa kwake, wala hatakaa naye barazani kwa chifu. Umbali huo unampa mama yule kitu ambacho kijiji chake hakiwezi kumpa.

Kanuni ya kuendesha kikao naichukua kwa Montague Ullman, daktari wa akili wa New York, aliyeanza kuwafunza watu wa kawaida kazi hii miaka ya 1970. Mwenye ndoto husimulia. Wengine huuliza maswali ya kuielewa tu. Kisha kila mmoja huitwaa ndoto ile kama yake na kusema ingekuwa yake angehisi nini, naye mwenyewe anasikiliza. Hakuna anayemfasiria mwenzake, na mwenye ndoto anaweza kusimamisha kikao wakati wowote. Kwa huku nyumbani ningeongeza sharti moja: majina na makabila yabaki nje. Jirani aitwe "mtu fulani".

Je, kikundi kinaweza kushikamana kwa simu? Mfano ulio karibu si wa ndoto, ila unafundisha. Uganda, katika vijiji vya Masaka na Rakai, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba tiba ya vikundi inayoongozwa na wenyeji waliofunzwa hupunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Shirika la StrongMinds lililifuata wazo hilo, na mikusanyiko ilipopigwa marufuku mwaka 2020 likawahamishia wanawake wake kwenye simu. Kwa jinamizi linalojirudia kuna kazi ya Barry Krakow huko New Mexico, iliyochapishwa 2001. Wanawake 168 waliowahi kudhulumiwa kingono walishiriki. Waliopewa tiba walifunzwa, katika vikao vitatu, kuibadilisha ndoto wapendavyo na kuirudia mpya wakiwa macho. Majinamizi yakapungua. Mazoezi hayo hayahitaji kusimulia upya dhuluma yenyewe, jambo linaloyafanya yafae sana kwa simu.

Ndoto za maji ni habari nyingine. Bwawa la Patel lilipopasuka Solai usiku wa Mei 9, 2018, na mafuriko yalipoikumba Kamuchiri, Mai Mahiu, usiku wa Aprili 29, 2024, kijiji kizima kiliamshwa na kitu kilekile. Hapo ningekaa nao uso kwa uso. Anayeota maji hamtuhumu mtu wa nyumba ya pili.

Sasa simu yenyewe. Ni ya nani? Mfanyakazi wa maua Naivasha anakaa chumba kimoja na wenzake, na ukuta wa mabati hauzuii neno. Simu ndogo ya mulika mwizi inatosha, mradi kiongozi ndiye anayepiga na kulipa. Ninachokipinga ni kurekodi sauti na kuituma WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatusaidia mahakamani, lakini haiwezi kuirudisha sauti iliyokwisha kufika Njoro.

Wako wasiofaa kuingizwa kwenye kikundi: anayesikia sauti mchana, na anayefikiria kujiua. Huyu wa pili alikuwa na sababu ya kutuficha, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Kiongozi awe na namba ya mhudumu wa afya aliye karibu na kila mshiriki kabla ya kikao cha kwanza.

Napendekeza tuanze Molo na Kuresoi, watu sita kwa kila kikundi, wa kata tofauti, Jumapili saa tisa alasiri. Saa tatu usiku ingekuwa rahisi zaidi, najua. Lakini atakayefungua ndoto saa hizo ataingia nayo kitandani.