Fahari ya Baba na Haki ya Watoto Wake
(Mazungumzo ya mlei mmoja, baba wa familia na fundi seremala, katika semina ya viongozi wa walei wa parokia)





Nawashukuru kwa kunialika. Mimi si mhubiri wala si mwanasheria. Ni fundi seremala, nanyi mmezoea kunisikia nikigonga misumari kuliko kunisikia nikitoa mada. Nilipoombwa nizungumze juu ya baba na fahari yake kwa watoto wake, nilidhani nimepewa kazi nyepesi. Ni nani asiyependa kuwasifu wanawe? Lakini nilipokaa kuandika, niliona kwamba siwezi kusema ukweli juu ya fahari yangu bila kusema pia juu ya kosa langu. Nimeamua kuyasema yote mawili, kwa maana tume yetu inaitwa ya haki na amani, na haki isiyoanzia nyumbani haina miguu ya kwenda mbali.

1. Siku moja ya nyumbani

Miaka ile watoto wangu wanne walipokuwa wangali wote nyumbani, siku yetu ilianza saa kumi na moja alfajiri. Mke wangu alikuwa wa kwanza kuamka, akawasha moto na kuinjika uji. Aliyemfuata alikuwa binti yetu wa pili. Yeye alichukua ndoo akaenda bombani kabla foleni haijawa ndefu. Kifungua mimba wetu, mvulana, aliamka saa kumi na mbili, akakuta maji ya kunawa yako tayari na viatu vyake vimefutwa. Wadogo wawili waliamshwa mwishoni, nao walilia kila siku kana kwamba asubuhi ni jambo geni duniani.

Mimi nilikunywa chai, nikaenda bandani kwangu, nikarudi jioni nywele zimejaa maranda. Kitinda mimba wangu alinirukia mlangoni, akayaokota maranda yale moja moja na kuyavaa kama bangili. Baada ya chakula tulisali pamoja, kisha watoto wakafungua madaftari mbele ya taa ya chemli. Kijana alisoma hadi alipochoka. Binti alisoma alipomaliza kuosha vyombo, na mara nyingi alipomaliza, mafuta ya taa nayo yalikuwa yanakwisha.

Hayo yote niliyaona kwa macho yangu kila siku. Nilikuwa baba mwenye furaha. Sikuwa mlevi, sikumpiga mama yao, chakula hakikukosekana. Kama mngenihoji wakati ule kuhusu haki katika nyumba yangu, ningewajibu kwamba iko, tena tele.

2. Fremu moja ukutani

Mwaka 2011 kijana wetu alijiunga na kidato cha kwanza. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko. Siku aliyovaa sare mpya nilimwita mpiga picha. Nikachukua vipande vya mninga vilivyobaki katika kazi ya mteja mmoja, nikatengeneza fremu, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa, nikaitundika picha ile sebuleni, mahali ambapo kila mgeni angeiona kabla hajaketi. Na kila mgeni aliketi akaisikia hadithi yake.

Mwaka 2014 binti yetu alifanya mtihani wa darasa la saba. Orodha ya waliochaguliwa ilipobandikwa, jina lake halikuwamo. Sikumgombeza. Nilijisifu hata kwa hilo, kwamba sikumgombeza. Nilikaa kimya tu. Wageni walipoulizia habari za watoto, niliwaeleza ya kijana, kisha nikabadilisha mazungumzo.

Jioni moja kitinda mimba, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka sita, alisimama chini ya picha ile akaniuliza: "Baba, fremu ya dada iko wapi?"

Dada yake alikuwa uani akiosha vyombo, na mlango ulikuwa wazi. Nilisikia sauti ya sufuria ikinyamaza. Alikuwa akingoja jibu kama mdogo wake. Nami sikuwa nalo.

3. Barua mbili na rejista

Wazo langu la kwanza lilikuwa kutengeneza fremu ya pili kesho yake. Mke wangu akaniambia, "Baba Fulani, usimpe mtoto mbao. Muulize." Nikamwita binti, nikamuuliza anataka nini kwangu. Alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akasema: "Baba, shuleni kwa kaka ulikwenda kila kikao cha wazazi. Kwangu hukuwahi kuja."

Nilitaka kukana. Nikahesabu moyoni mwaka hadi mwaka, nikaona kwamba ni kweli. Katika miaka saba ya shule ya msingi sikuwahi kukaa katika darasa la binti yangu hata mara moja.

Nilikwenda basi, nikiwa nimechelewa kwa miaka saba. Mwalimu wake wa darasa alinipokea kwa heshima. Alisema mtoto ana akili nzuri, hasa katika hesabu, na akashangaa kwamba sikujibu barua zake. Nikamwuliza, barua zipi? Akanifungulia rejista ya mahudhurio. Katika mwaka wa mwisho binti yangu hakufika shuleni kwa siku 41. Mama yangu mzazi alikuwa mgonjwa mwaka ule, na kulikuwa na chakula cha kupeleka hospitali, maji ya kuchota, nguo za mgonjwa za kufua. Kazi hizo zilifanywa na nani? Sikuwahi kutoa amri kwamba binti abaki nyumbani na kijana aende shule. Hapakuhitajika amri. Ilikuwa desturi ya nyumba, na desturi hufanya kazi hata baba akiwa amelala.

Niliporudi bandani nilitafuta barua zile katika sanduku la vifaa, chini ya randa na patasi. Nilizipata zote mbili. Upande wa nyuma nilikuwa nimeandika vipimo vya kabati.

Ndugu zangu, sisi mafundi tuna desturi ya kupima mara mbili kabla ya kukata mara moja. Mimi nilipima kabati juu ya barua ya mwalimu, na mtoto nikamkata bila kumpima. Matokeo ya mtihani niliyoyaita aibu yake yalikuwa kazi ya mikono yangu.

4. Sheria inasemaje?

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, hayahusu sheria. Tuangalie. Tarehe 20 Novemba 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, nayo nchi yetu iliuridhia mwaka 1991. Mkataba huo unasema kwamba wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja wa kumlea mtoto, na kwamba mtoto asibaguliwe kwa sababu ya jinsia yake. Tanzania ilitunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Sheria hiyo inamdai mzazi ampatie mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi, uhuru, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Inampa mtoto pia haki ya kutoa maoni yake. Hakuna mahali inaposema "mtoto anayefaulu". Inasema "mtoto".

Tena, serikali imepunguza mzigo wa mzazi. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2001. Ada ya sekondari za serikali za kutwa, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne. Hayo ni mema, tuyashukuru. Lakini ndoo ya maji haikuondolewa kwa waraka wa serikali. Hakuna waziri atakayekuja nyumbani kwako kugawa kazi za jioni. Jambo hilo limeachwa mikononi mwako wewe, baba.

Liko jambo la pili ambalo akina baba hatupendi kulitaja, nalo ni urithi. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliwapanga warithi katika madaraja matatu, na binti zikamweka katika daraja la tatu. Lakini yuko baba mmoja wa Uhayani aliyeandika wosia akamwachia binti yake, Holaria, ardhi. Binti huyo alipoiuza mwaka 1988, ndugu wa ukoo alikwenda mahakamani kudai kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilitamka kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba, na kwamba binti ana haki sawa na ndugu zake wa kiume. Hukumu ile inatajwa mpaka leo. Mimi hukumbuka zaidi mwanzo wake: baba aliyechukua kalamu. Huyo alikuwa na fahari ya kweli kwa mtoto wake, kwa maana aliiandika.

5. Fahari ya namna gani?

Sisemi kwamba kujivunia watoto ni vibaya. Mtoto asiyesifiwa na baba yake hutafuta sifa njiani, na njiani wako watu wa kila aina. Nasema kwamba iko fahari inayomtumia mtoto na iko fahari inayomtumikia. Ile ya kwanza inataka matokeo ya kuonyesha wageni. Ya pili inataka kujua mtoto amelala saa ngapi, anaogopa nini, na mwalimu wake anaitwa nani.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Picha yangu ya mninga ilikuwa mlango mzuri. Ndani, mtoto mmoja alikuwa hahesabiwi.

Maaskofu walipokutana Roma mwezi Aprili na Mei 1994 katika Sinodi ya Afrika, walilieleza Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Mwaka huo huo dunia iliadhimisha Mwaka wa Kimataifa wa Familia. Tumeimba na kufundisha juu ya jina hilo kwa miaka mingi. Lakini mtoto hulielewa jina hilo kwa kutazama familia aliyonayo. Kama nyumbani kwake fahari hugawiwa kwa upendeleo, akiambiwa kwamba Mungu ni Baba ataelewa nini?

Nyumbani kwangu tulibadilisha mambo manne. Kwanza, kazi za nyumbani ziligawanywa upya, na kijana akajifunza njia ya bombani. Alilalamika kwa wiki mbili, kisha akazoea. Pili, kila mtoto alipewa saa yake mbele ya taa. Tatu, mimi na mama yao tulipeana zamu ya kwenda shuleni, kwa kila mtoto. Nne, Jumapili baada ya Misa kila mtoto alipewa nafasi ya kusema neno moja linalomsumbua, na baba asijibu mpaka amalize. Hilo la nne ndilo lililonishinda mara nyingi.

Binti yetu alijiunga na chuo cha ufundi stadi, akasomea umeme wa majumbani. Leo anafanya kazi hiyo, na taa zinazowaka nyumbani kwetu ni yeye aliyezifunga. Nawaomba msichukue habari hii kama hadithi yenye mwisho mwema unaofuta yaliyotangulia. Siku zile 41 hazikurudi, na yeye mwenyewe hazisahau. Nilimwomba msamaha mbele ya ndugu zake. Alinijibu, "Nimekusamehe, baba, lakini usimfanyie hivyo mdogo wangu." Maneno hayo ndiyo cheti ninachokitunza.

Na fremu? Sikuitoa ukutani. Kijana hakukosa neno, na picha yake ni halali. Nilitengeneza nyingine tatu, kila moja kwa wakati wake, bila kungoja mtihani.

Basi, akina baba wenzangu, mtakaporudi nyumbani leo, msianze na hotuba. Tazameni tu ni nani anayebeba ndoo na ni nani anayeshika daftari. Kisha mfanye lililo haki. Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika nyumba zetu, kazi za asubuhi na jioni hugawanywaje kati ya wavulana na wasichana? Nani aliamua hivyo?

2. Je, kila baba aliyepo hapa anamfahamu mwalimu wa kila mtoto wake? Ni kikwazo gani kinachomzuia kufika shuleni?

3. Ni mtoto gani katika jumuiya yetu asiyetajwa watu wanaposifu watoto wao? Tunaweza kumfanyia nini mwezi huu?

4. Ni wangapi kati yetu wameandika wosia? Mabinti zetu wamo ndani yake?